Maana ya A2 F3: barua kwa Kasongo

Bukavu, Kadutu

Mpendwa ndugu Kasongo,

Nimepokea barua yako kutoka Lubumbashi pamoja na nakala ya majibu ya kipimo cha ini la shemeji yako. Sisi huku tu wazima. Umeniuliza kama “A2 F3” ndiyo aina ya kirusi alicho nacho. Sivyo: kirusi kilikwisha kutambuliwa katika damu kwa antijeni ya uso ya hepatiti B (protini ya ganda la kirusi), ambayo ikidumu zaidi ya miezi 6 maambukizi huhesabiwa kuwa sugu. Kipande cha ini kilichotolewa kwa sindano (biopsi) kinajibu swali jingine, yaani ini limeharibika kwa kiasi gani.

Herufi A, kuanzia 0 hadi 3, hupima ukali wa uvimbe unaotokea mwili unapopambana na kirusi; A2 ni wa wastani. Mtaalamu aliona kwa hadubini limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) zimejazana katika maeneo inamopita mishipa ya damu pamoja na vijifereji vya nyongo, tena zimevuka mipaka ya maeneo hayo na kuua seli za ini zilizo jirani. Ameandika pia kwamba baadhi ya seli zimefifia ndani kama kioo chenye ukungu. Hiyo ni antijeni ileile iliyorundikana, nami hufurahi kuiona, kwa kuwa ni nadra tishu kukitaja kirusi waziwazi hivyo.

Herufi F, kuanzia 0 hadi 4, hupima kovu. F3 maana yake nyuzi za kovu zinazounganisha maeneo hayo ni nyingi, ila hazijaligawa ini kuwa vinundu, hali ambayo ingekuwa F4, yaani sirosisi. Basi anayesema shemeji ana sirosisi amekosea, na anayemtuliza kwa sababu macho yake si ya manjano amekosea zaidi.

Kumbuka kwamba sindano huchukua takriban sehemu 1 kati ya 50,000 ya ini, kwa hiyo kipande kifupi chaweza kupotosha. Kwa wengi wasio na uwezo wa biopsi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unatumia kipimo cha APRI, kinachokokotolewa kwa kimeng’enya cha AST na chembe sahani za damu (zinazosaidia damu kuganda): kikizidi 0.5 kwa mtu mzima, matibabu yanastahili kuanza. Kwa F3 yeye asingoje. Amwulize daktari kuhusu tenofoviri, dawa ya kukizuia kirusi, apimwe kwanza VVU na hepatiti D, na mkewe na watoto wapimwe pia.

Nitumie AST na hesabu ya chembe sahani, nilinganishe na majibu ya tishu.

Wako,
Mugisho