YAH: MALALAMIKO KUHUSU DISKI ILIYOTUMIKA KUUZWA KAMA MPYA, NA KUFUTWA KWA DISKI YANGU YA ZAMANI

Dodoma,
20 Oktoba 2025

Kwa Meneja,
Tawi la Dodoma.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpiga picha na video, studio yangu ipo Nkuhungu. Ni mteja wenu kwa miaka minne sasa; wino wa printa na hata UPS ninayoitumia umeme unapokatika nilinunua kwenu. Tarehe 29 Septemba niliwaletea kompyuta yangu ya mezani mniongezee diski mbili: SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka) ya GB 500 ya kuwekea Windows, na diski ya kawaida ya TB 4 ya kuhifadhia kazi. Diski ya zamani ya TB 1 ilipaswa kubaki ndani kama ilivyo. Nililipa shilingi 490,000, yaani 120,000 za SSD, 340,000 za hiyo ya TB 4 na 30,000 za ufundi. Risiti ya EFD ninayo.

SSD haina tatizo, na nalisema mapema ili nisimwonee mtu. Mlinishauri nichukue ya SATA, inayounganishwa kwa kebo, kwa kuwa mazabodi yangu (bodi kuu ya kompyuta) ni ya zamani na haina tundu la M.2 la kuchomeka SSD ndogo moja kwa moja, ushauri ukawa sahihi. Kompyuta inawaka upesi mno kuliko zamani. Malalamiko yangu ni juu ya hizo diski nyingine mbili.

Nilipofika nyumbani niliona diski ya TB 4 inasoma TB 2 tu. Nilipiga simu, kijana wa kaunta akanijibu kwamba diski zote hupungua zikishawekwa. Kupungua huko nakufahamu: kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, hivyo TB 4 huonekana kama TB 3.63 na hakuna aliyeibiwa. Yangu haikuwa hivyo. Ilionyesha GB 2,048 zinazotumika na GB 1,678 zimekaa bure, kwa sababu fundi aliiandaa kwa mfumo wa zamani wa kupangia diski, MBR, ambao kwa diski kama hii hauwezi kuhesabu zaidi ya hapo. Ilitakiwa mfumo mpya, GPT. Hilo nililirekebisha mwenyewe kwa dakika chache na nisingewaandikia barua kwa ajili yake.

Lakini kosa hilo lilinitia shaka, nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu ambazo diski inajiwekea yenyewe. Diski mliyoniuzia kama mpya ilikuwa imefanya kazi saa 26,418. Gawanyeni kwa 24: ni siku 1,100, miaka mitatu na siku chache bila kupumzika. Na katika muda wote huo ilikuwa imewashwa mara 41 tu. Kompyuta ya ofisini huwashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Diski yake ingekuwa na mamia ya mara. Saa nyingi namna hiyo na kuwashwa mara chache namna hiyo ni dalili ya diski iliyotoka kwenye mashine isiyozimwa, mfano seva au kinasa cha kamera za ulinzi. Tayari ina sekta 16 (vipande vidogo vya kuhifadhia data) ilizozihamisha kwa kuwa sehemu zake zimechoka.

Sikatai diski zilizotumika. Zina bei yake, na mtu anayejua anachonunua huiwekea kazi inayolingana na umri wake. Mimi nilielezwa kwamba ni mpya, nikalipa bei ya mpya. Iliponifikia ilikuwa imeshafungwa ndani ya kompyuta, na nilipouliza boksi lake nikaambiwa limetupwa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi ya fedha.

Kwenye fomu yenu ya kupokelea kazi niliandika kwa mkono wangu: "Diski ya zamani isiguswe, ina kazi." Mhudumu alisaini mbele yangu. Niliporudishiwa kompyuta, diski hiyo ilikuwa tupu. Fundi alikiri kwa simu kwamba alipokuwa akiweka Windows aliacha diski zote zimechomekwa, zikaonekana kwenye orodha moja, akafuta asiyotakiwa kuifuta. Ndugu Meneja, kuchomoa kebo ya SATA ya diski ya mteja kabla ya kuweka Windows ni kazi ya sekunde chache. Unabaki na diski moja tu kwenye orodha, na hata ukikosea huna pa kukosea. Ni tahadhari ya kawaida kabisa ya ufundi huu. Kwenu sivyo ilivyofanyika, na mtu alikuwa ameomba kwa maandishi.

Kazi za harusi na mahafali nilizokwishawakabidhi wenyewe si hasara kubwa. Ila humo mlikuwa na folda ya rekodi nilizofanya Mvumi kwa misimu miwili baada ya mavuno: bibi yangu na wenzake wakiimba msunyunho, nyimbo za asili za Wagogo, na akina mama wakipiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kila ngoma nikiwa nimeiwekea maikrofoni yake. Wawili kati ya bibi wale wameshafariki. Mtaniuliza kwa nini sikuwa na nakala. Diski ya TB 4 niliinunua ili nakala hiyo ipatikane. Ndilo jambo la kwanza nililomweleza mhudumu wenu nilipoingia dukani.

Nilizima kompyuta palepale, kwa sababu kufomati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili tu. Mafaili yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Siku iliyofuata nilipanda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam kwa mtu anayeokoa data. Amepata sehemu kubwa ya picha, zikiwa hazina majina wala tarehe. Za sauti ameokoa rekodi 11 kati ya 34. Gharama yake na nauli ni shilingi 265,000.

Naomba mambo haya. Nirudishiwe shilingi 340,000, au nipewe diski mpya ambayo boksi lake litafunguliwa mbele yangu na saa zake tuzisome pamoja kabla sijatoka dukani. Nilipwe zile 265,000. Nirudishiwe na zile 30,000 za ufundi, maana ufundi wenyewe ndio ulionifutia kazi. Tena nielezwe kwa maandishi diski ile ilitoka wapi. Sikujaribu kufukua kilichokuwemo, lakini kama ilitoka kwenye ofisi au nyumba ya mtu, mwenyewe ana haki ya kujua kwamba kumbukumbu zake zinazunguka mjini.

Naomba pia, kwa ajili ya wateja watakaokuja, fundi asiweke Windows kwenye kompyuta yoyote kabla hajachomoa diski zisizohusika, na kila diski mnayouza ionyeshwe saa zake mteja akiwa amesimama hapo. Programu ni ya bure na inachukua chini ya dakika moja.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani (FCC), kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa. Ningependa tulimalize hapa Dodoma, mezani kwenu.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha ya fomu yenye maandishi yangu na saini ya mhudumu, picha ya skrini ya CrystalDiskInfo inayoonyesha namba ya diski, na risiti ya mwokoaji data. Diski hiyo ya TB 4 nimeichomoa, ipo kwenye bahasha, sijaandika chochote juu yake tangu tarehe 1 Oktoba. Fundi wenu anaweza kuja kuikagua; nipo studio kila siku kuanzia saa tatu asubuhi, isipokuwa Jumapili.

Wenu,
Mteja,
Nkuhungu, Dodoma.