Barua ya wazi kwa kaya changa za Kongwa: pimeni kabla ya kuuza

Wajukuu zangu mlioanza miji yenu miaka ya karibuni,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Salamu nyingine zisubiri, maana nina hasira. Mavuno hayajapoa, na tayari naona magari ya walanguzi yakipakia mahindi uani kwa watu ambao Februari walikuwa wakihemea debe kwa debe. Gunia linashonwa lumbesa, yaani limejazwa kupita kipimo chake, na mwenye mahindi ndiye anayesaidia kushindilia! Kwingine magunia yamefungwa mahindi yangali na unyevu. Ukichomeka mkono katikati unakutana na joto. Joto hilo ni dalili kwamba yameanza kuharibika.

Siku ya kuanika ni kazi ya nyumba nzima. Msimwachie mama peke yake, mtoto mgongoni, huku baba yuko kilabuni anajadili bei. Alfajiri kabla jua halijakaza, maji yachotwe na mbuzi watolewe. Vyombo vioshwe na kupangwa kichanjani, ua ufagiliwe. Turubai lisitandikwe kabla ya saa tatu, umande ukiwa umekauka. Msianike juu ya udongo mtupu: udongo una unyevu na una vimelea vya kuvu, na mahindi yanavichukua vyote viwili. Tandazeni kwa unene wa vidole viwili, si zaidi, kisha mtoto mmoja ayageuze kila baada ya nusu saa na kufukuza kuku. Ifikapo saa kumi na moja jioni, kusanyeni na kufunika. Mahindi yaliyolala nje hunywa umande, na kesho mnaanza upya.

Kupura nako mnaniudhi. Mnajaza mahindi kwenye gunia yakiwa bado na magunzi yake, mnalitwanga kwa rungu kama mnaua nyoka. Punje zinapasuka, na punje iliyopasuka ndiyo mlango wa kuvu na fukusi. Pukuchueni kwa mkono, au kodini mashine iliyorekebishwa vizuri. Halafu pepeteni, mchambue, mtoe zilizovunjika, zilizooza na zilizobadilika rangi.

Na hizo mnazotoa, msiwape kuku, msipeleke kwenye pombe. Zifukieni. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wa nafaka, iliua watu katika mkoa wetu huu wa Dodoma na jirani zetu wa Manyara. Sumu hiyo hushambulia ini, haina harufu, na moto wa jikoni hauimalizi. Ugali uliosongwa hata saa nzima bado unayo. Ng'ombe akila pumba zenye sumu, inatokea kwenye maziwa ambayo mtampa mtoto. Ninyi mnasema "kuku hachagui". Basi mlaji wa kuku achague?

Kujua kama yamekauka, acheni kung'ata punje na kutoa hukumu. Chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, jazeni mahindi theluthi moja, ongezeni vijiko vitatu vya chai vya chumvi kavu, funikeni. Tikiseni dakika mbili au tatu, iacheni itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisheni juani. Kioo kikibaki safi, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, lakini ghalani tunataka 13, kwa hiyo ongezeni siku nyingine ya jua kali. Yaacheni yapoe kivulini kabla ya kufunga, la sivyo yatatoa jasho humo humo ndani.

Mkitumia mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, pulizeni kila mfuko wa ndani na kuukaza mdomo mwone kama unavuja. Jazeni huku mkishindilia hewa itoke, sokoteni shingo, ikunjeni, ifungeni kwa mpira. Wa pili vivyo hivyo, kisha wa nje. Hapa dawa ya unga haihitajiki, mdudu dumuzi anakufa kwa kukosa hewa. Ila mkifungua kila siku kuchota bakuli moja, mmemrudishia pumzi. Mfuko huo hauponyi mahindi mabichi. Hayo yataozea ndani. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, panya wasipate pa kujificha.

Jioni, baada ya chakula, baba na mama mkae na daftari. Kaya ya watu sita ikila kilo 2 za unga kwa siku, mwaka ni kilo 730: magunia saba ya kilo 100 na karibu debe mbili. Hiyo ni kwa dona. Mkikoboa, ongezeni, maana pumba nazo zilikuwa mahindi. Gunia moja la wageni na misiba. Hapo mmeshaingia gunia la tisa kabla ya kuuza hata kisado. Aliyevuna kumi ana gunia moja la sokoni, hata mlanguzi akipiga honi mara ngapi. Aliyevuna pungufu ya hayo aanze leo kuthamini mtama na uwele, mazao mnayoyadharau ingawa ndiyo yanayovumilia jua la kwetu.

Mengine nayataja tu. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono kiwe karibu na choo. Kuni zikae pakavu kabla ya mvua za Desemba. Mahindi mliyovuna kwa mbegu chotara msiyarudie kuyapanda. Fedha za sare za Januari zitengwe kwanza, simu baadaye. Mahindi yangali shambani hayauzwi.

Lakini lawama zote si zenu. Lumbesa imepigwa marufuku kisheria, na Wakala wa Vipimo ndio wasimamizi, ila mizani imeishia sokoni Kibaigwa. Uani kwenu kipimo ni macho ya mlanguzi. Afisa ugani tunamwona kwenye mikutano, na mkutano hauna turubai. Serikali za vijiji zinazokusanya michango kila msimu zishindwe kununua mizani moja ya kitongoji? Mwenyekiti aulizwe hilo kwenye mkutano ujao, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Wasio na turubai waje waazime langu. Lirudi limefagiliwa.

Bibi yenu