Kaka wa kofia nyekundu ulieshukia Kiwira, asante

Jamani naomba nimshukuru mtu nisiyemjua hata jina. Jumamosi nilikuwa na bibi, anakaribia miaka 90, tumepanda Kosta pale Uyole, Mbeya, tunaenda Tukuyu, tumeshafika nyumbani ndo bibi anashtuka Biblia yake haipo, aisee alikaa kwenye mkeka akawa haongei kabisa.

Sasa hiyo Biblia sio ya kawaida, gamba limeshonwa kwa uzi wa gunia, na kurasa za mwisho bibi kaandika kwa penseli watoto wake wote tisa, siku waliyozaliwa na waliyobatizwa, na wawili waliokufa wadogo kawachorea kamsalaba. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa Moravian huko Rungwe, wale walioanza 1891, kwa hiyo usimwambie bibi eti tutakununulia nyingine, mi nilijaribu nikakoma.

Jioni simu ikaita, mama anaeuza ndizi Kiwira, anasema kuna kijana kaacha mzigo, kaona namba yangu nyuma ya gamba, akaomba simu ya huyo mama kwa sababu yake imezima chaji, akasubiri mpaka nikapokea, halafu akaondoka, hata soda hakutaka.

Kaka, bibi anasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Amekuweka kwenye maombi ya saa kumi na moja alfajiri, anakuita "yule wa kofia", na ukipita Tukuyu mbalaga, zile ndizi za kupika, ipo.