Kuku wakifa, tuambiwe wamekufa na nini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu huduma tunayopata sisi tunaofuga kuku wachache nyuma ya nyumba.

Nafuga kuku wa kienyeji hapa Uyole, Mbeya. Katika baridi ya Julai banda langu lilikaribia kwisha. Kuku alianza kwa kuzubaa, manyoya yamesimama, upanga umepauka, pumba haigusi. Kinyesi kilikuwa cha njano chenye ukijani, kinagandia nyuma. Hakuna aliyepinda shingo wala kukoroma. Na hawakufa kwa mkupuo: leo mmoja, keshokutwa wawili, ikawa kila asubuhi naenda kufungua banda na mfuko mkononi.

Majirani wote wakasema kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle. Huku kwetu kuku yeyote asiyekufa kwa kisu amekufa kwa kideri. Lakini hawa walikuwa wamechanjwa, tone moja jichoni kila miezi 3, na chupa ya chanjo huwa tunachangia kaya kadhaa kwa kuwa dozi zake zinazidi kuku wa mtu mmoja. Sisemi kuku aliyechanjwa haugui kamwe. Nasema ilipasa mtu ajiulize.

Dukani kwenye dawa za mifugo hata umri wa kuku sikuulizwa. Muuzaji alipeleka mkono rafuni, akanipa OTC, ule unga wa njano wa antibayotiki, na vitamini juu yake. "Changanya kwenye maji, mama." Sasa kama ni kideri, hicho ni kirusi na antibayotiki haikiui. Kama ni koksidia, ule ugonjwa wa vijidudu vya utumbo, ina dawa yake. Na kama ni homa ya matumbo ya kuku, ambayo ndiyo naishuku, basi hata waliopona wanaweza kubaki na vimelea na kuvipitisha kwenye mayai mpaka kwa vifaranga. Waliobaki kwangu wameanza kutaga tena. Niwaache waatamie au niwachinje? Pakiti ya OTC haijibu swali hilo.

Afisa mifugo nilimpigia, akapokea, akanishauri vizuri tu: peleka sampuli maabara, Iringa. Ni zaidi ya kilomita 300. Kondakta gani atanipakia na mzoga wa kuku kwenye ndoo ya barafu? Ndiyo maana wengine, wakiona kuku wameanza kusinzia, huwahi kuwapeleka sokoni wakiwa bado wanasimama, na ugonjwa unahamia kwa mnunuzi. Hilo silitetei hata kidogo.

Ombi langu kwa halmashauri si maabara mpya. Tutengewe siku moja kwa wiki katika ofisi ya kata, afisa mifugo avae glavu, ampasue kuku aliyekufa usiku huo mbele ya mwenye kuku. Ini lililovimba likageuka rangi ya shaba, utumbo wenye damu, madoa ya damu kwenye tumbo lililo kabla ya firigisi: mtaalamu akiyaona hayo ana pa kuanzia, na kesi ngumu tu ndizo zisafirishwe Iringa. Ada tutalipa. Tayari tunailipa dukani kila ugonjwa unapoingia, kwa dawa ya kubahatisha.

Mfugaji mdogo,
Uyole, Mbeya