Kabla Hujatoa Hiyo Mia Tano

Kasarani, Jumapili usiku

Mwangangi ndugu yangu,

Habari za tangu Pasaka? Huku tu wazima, stima tu ndiyo inaenda na kurudi. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Eti uwaongeze vijana wa mjengo shilingi 500 kila mmoja, slabu ya tatu, ile sakafu ya konkriti, ikiisha kabla ya mwisho wa mwezi? Najua mwenye nyumba anakuharakisha, lakini ngoja kwanza.

Hao watu wanalipwa lini? Umeandika, "Jumamosi, au Jumatatu hela zikiingia." Hiyo "au" ndiyo ugonjwa wenyewe. Mtu wa mjengo ana kodi, ana deni la duka, na Jumamosi jioni kuna anayemngoja. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema ujira wa kibarua wa siku umeiva jioni ile ile. Kama mmekubaliana mkusanye hadi Jumamosi, basi iwe Jumamosi saa 9, kila mtu kwenye M-Pesa yake, si kupitia kwa nyapara. (Omondi unamjua. Sisemi zaidi.) Ukiteleza mara mbili, mafundi wazuri ndio watakaoondoka kwanza, maana simu zao ndizo zinazolia. Utabaki na wasio na pa kwenda, kisha ulalamike kazi imelala.

Halafu, hiyo 500 inanunua nini hasa? Kwenye mawe ningekuelewa. Fundi analipwa kwa jiwe, unapita na timazi na pimamaji, ukuta ukiinama unaonekana, anabomoa mwenyewe. Konkriti haina huruma hiyo. Mfuko wa simiti wa kilo 50 unataka maji kama lita 25. Anayekimbizana na tarehe ataongeza nusu ndoo ili mchanganyiko uteleze na mgongo upumzike, na kwa macho hutajua kwamba imedhoofika. Utajua siku ya 28 vile vipande vya kupima vikivunjwa maabara, na wakati huo umeshapandisha mawe juu yake. Tena kuna kumwagilia slabu siku 7, Jumapili ikiwemo. Nani atakuja Jumapili kama zawadi ni ya kumaliza tu? Kama una hela ya ziada, ipeleke hapo: siku hiyo ilipwe kando, na jina la anayemwagilia liandikwe ubaoni.

Kingine kinachoua moyo ni kungoja. Watu 15 wamevaa buti saa 2, lori la kokoto linafika saa 5, jioni wanaitwa wavivu. Na zile toroli zenye pancha! Tairi mbili nzima zitakusogezea kazi kuliko hotuba ya Omondi.

Matokeo ya vile vipande vinavyovunjwa mapema, siku ya 7, yakitoka, usiyafungie kwenye faili la injinia. Wasomee waliochanganya, pale pale kwenye chai ya saa 4. Wanachota, wanabeba, wanamwaga, na hakuna anayewarudia kuwaambia kama ilishika. Haigharimu kitu, ila usiwasifie kisichostahili. Wanajua.

Lakini narudi kwa Jumamosi. Ukiiacha ikiyumba, haya mengine yote ni kupaka rangi ukuta wenye unyevu. Hata hiyo 500 hawataiamini. Aliyechelewesha yao ya jasho atatoa ya bure?

Sasa nijibu. Mwenye nyumba anakulipa kwa hatua zipi, na unaweza kumwomba aweke mbele ujira wa wiki 2? Omondi anawakata kitu, au ni maneno ya watu? Nani anashika ufunguo wa tangi la maji Jumapili? Fundi wa chuma yule wa Machakos bado yuko, au ameshaenda? Na vaibreta ya Wanjohi, ile mashine ya kushindilia konkriti, mlirudisha? Maana ananiuliza mimi.

Msalimie Mama Mutheu.

Wako,
Nduku