Nyanya kuoza kitako: angalieni maji kwanza

Habari za asubuhi wanakikundi. Picha za nyanya zenye doa jeusi kitakoni zimekuwa nyingi wiki hii, hasa kutoka Bahati na Rongai. Huo si ukungu, tafadhali msipige dawa. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu imo udongoni ila maji hayaifikishi: leo mmea umenyauka, kesho umefurika. Mwagilieni kidogo kidogo, mara 2 au 3 kwa siku jua likiwa kali. Punguzeni pia mbolea za amonia, maana hushindana na kalsiamu mizizini.

Kalsiamu nitrati, mbolea ya kuongezea kalsiamu, iyeyushwe kwenye tangi lake peke yake. Ukiichanganya na mbolea ya magnesiamu salfeti kabla ya kuzimuliwa kwa maji mengi, maji yanageuka meupe kama tui. Hiyo ni jasi, chembe nyeupe zisizoyeyuka kwa urahisi, na ikishaingia kwenye mipira ya matone, matundu yanaziba na mstari mzima unakauka. Mwenye tangi moja aweke kalsiamu leo, salfeti kesho, na kati yake apitishe maji matupu dakika 10.

Matunda yaliyooza hayaponi. Yachumeni sasa, mmea ulishe yaliyo mazima.