Barua ya wazi kwa mdogo wangu: ile punje ilitakiwa irudi kikombeni

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi acha niandike hapa. Tangu siku ile uliposema mbele ya wazee kwamba hesabu za dada yako ndizo zilizokuponza mkapata mtoto mwingine mwenye selimundu, sijapata nafasi ya kukujibu. Wifi alikuwa ameinama, anachezea pindo la kanga, hakusema neno.

Sikukudanganya. Nilisema nyote wawili ni AS, yaani kila mmoja ana jeni moja ya kawaida, A, na moja ya selimundu, S, kwa hiyo kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mwenye selimundu. Wewe unatoa A au S, wifi vivyo hivyo. S mbili zikikutana, yaani SS, ndio ugonjwa: nusu mara nusu ni robo. Nikatia punje nne za maharage kikombeni, nyekundu moja, nyeupe tatu. Ukaingiza mkono, ukaitoa ile nyekundu, ukaitumbukiza kwenye mfuko wa shati. "Huyu ndiye mkubwa wetu. Zilizobaki ni nyeupe tupu." Mkaanza kucheka, na mimi nikanyamaza.

Ule mkono unaoingia mfukoni bado nauona. Punje ilitakiwa irudi, kikombe kitikiswe, ndipo uchote tena. Ukichota bila kurudisha, mchoto wa pili unategemea wa kwanza, na hiyo ni hesabu nyingine kabisa. Mimba haina kumbukumbu ya mimba iliyotangulia. Kila mara kikombe kinaanza na punje zote nne. Hilo ndilo sharti linalobeba mtawanyo wa binomia, yaani hesabu ya tukio kutokea mara ngapi katika majaribio kadhaa. Mengine ni mepesi: idadi ya majaribio ijulikane mapema, kila jaribio liwe na matokeo mawili tu, na uwezekano usibadilike. (Mapacha wa kufanana huhesabiwa jaribio moja, maana wametoka yai moja.)

Halafu ukahesabu majaribio manne kwa sababu mlitaka watoto wanne. Mkubwa alikuwa ameshazaliwa na hali yake inajulikana, hana uwezekano tena. Yalibaki majaribio 3. Wote watatu kutokuwa na ugonjwa ni 0.75 × 0.75 × 0.75, yaani 0.4219. Kwa hiyo uwezekano wa kumpata angalau mmoja mwenye selimundu ulikuwa 0.5781. Zaidi ya nusu, mdogo wangu.

Ukitaka mmoja kamili, zidisha 0.25 × 0.75 × 0.75, upate 0.1406. Usiishie hapo, maana huyo mmoja anaweza kuwa wa pili, wa tatu au wa nne. Njia ni 3, na 0.1406 mara 3 ni takriban 0.4219. Wawili ni 0.1406, wote watatu ni 0.0156. Jumlisha na ile 0.4219 ya kutompata hata mmoja: lazima ije 1. Isipofika, mara nyingi umesahau kuzidisha kwa idadi ya njia.

Kilichokupoteza ni maneno "mmoja katika wanne". Huo ni wastani. Chukua familia 10,000 zenye wazazi wa AS na watoto wanne kila moja: tunategemea takriban 4,219 ziwe na mgonjwa mmoja, 3,164 zisiwe na hata mmoja, 2,109 ziwe na wawili, 469 watatu, na 39 wote wanne. Zaidi ya nusu hazina huyo mmoja kamili. Wastani haumwahidi mtu chochote nyumbani kwake.

Ulinikasirikia pia kwa neno "fanikio". Hesabu huliita hivyo tukio lolote linalohesabiwa, hata likiwa maradhi. Ningelitafuta neno jingine mbele ya wifi, hapo nakubali. Lakini ile 0.5781, ningeitamka vipi wakati mnacheka? Ungesema nawatakia mabaya. Nilijua, nikanyamaza, na mpaka leo naona mtu yeyote angenyamaza.

Ila usirudie kusema ugonjwa umetoka ukoo wa wifi. S moja ni yako. Na si laana: mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana S imebaki kwetu.

Sasa yule wa kati. Ni mzima, nashukuru, ila hamjajua kama ni AA au AS. Usiseme nusu kwa nusu. SS tumeshaiondoa; katika robo tatu zilizobaki, mbili ni AS, kwa hiyo uwezekano ni theluthi mbili. Ombeni kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini. Kile cha haraka cha kuangalia kama seli zinajikunja hakitofautishi AS na SS. Majibu yakitoka mwambie wifi anipigie, kama wewe bado hutaki.

Dada yako